Uongo wa Saa za Kazi

"He is in a meeting," Devota alisema kwenye simu. Bosi wake Kefa, aliyedaiwa kuwa kikaoni, alikuwa amesimama karibu kabisa na meza, akipuliza chai yake polepole ili isisikike upande wa pili.

Mteja aliyepiga, mama wa Nairobi, alitaka kujua kikao kitakwisha saa ngapi. Devota akamtupia jicho Kefa, Kefa akapandisha mabega. "Very soon," Devota akasema, kisha akaongeza kwa Kiingereza hichohicho kwamba amefurahi sana kuisikia sauti yake, akamtakia siku njema, akakata. Hakuwa amefurahi hata chembe. Yule mama alikuwa na sauti ya msumeno, na alikuwa na haki ya kuwa nayo, maana chupa zake za mvinyo zilizotakiwa kusafiri wiki iliyopita zilikuwa hazijabandikwa hata lebo.

"Wewe ni mashine," Kefa alimsifia, akatoka na chai yake kwenda uani.

Kiwanda cha Kefa, kwa mtu mwenye huruma ya kukiita kiwanda, kilikuwa banda la bati pale Kizota, Dodoma mjini, limebanwa kati ya wachomelea mageti na wafyatua matofali. Ndani kulikuwa na mashine moja ya kukamua zabibu, matangi ya plastiki, na harufu ya uchachu isiyotoka hata ukisugua sakafu kwa sabuni ya unga. Mbele palikuwa na ofisi, yaani meza, simu mbili na Devota. Aliajiriwa kwa Kiingereza chake cha shule ya bweni, na kwa sauti yake ya upole ambayo Kefa alisema inaweza kumlaza simba. Kwa miaka yote aliyokaa pale hakuna aliyemwomba ushauri wala kumpa kazi nyingine. Kazi yake ilikuwa kuwatuliza watu, na watu walitulizwa kwa Kiingereza.

Alikuwa na sheria yake ambayo hakuwahi kumwambia mtu. Kwa Kiswahili hakusema uongo. Kwa Kigogo ndiyo kabisa, hicho kilikuwa kinywa cha mama yake. Mama yake Anyesi, katibu wa akina mama kanisani kule kijijini, upande wa Mvumi, aliwahi kukatisha palizi na kutembea hadi kwa jirani kwenda kumwambia kwamba yule mbuzi ambaye yeye Anyesi alisema kamwona asubuhi, kumbe alimwona jana yake. Lakini Kiingereza kilikuwa sare ya kazi. Ulikivaa asubuhi ukakivua jioni, na kilichomwagikia sare hakikufika kwenye ngozi. Network problem. I was just about to call you. No problem at all. Nani aliumia? Wateja nao walimjibu kwa uongo huohuo, kwamba hata wao walikuwa wakimfikiria dakika ileile. Wote wanajua, wote wanacheka, simu inakatwa, maisha yanaendelea.

Hata alipozungumza Kiswahili, akifika pale pa uongo alivukia Kiingereza. "Mzigo wako, kaka, uko almost ready." Lile neno "uko" lilimkera siku za mwanzo, kwa sababu lilikuwa la Kiswahili na lilikuwa limeshiriki. Baadaye alilizoea.

Ulikuwa mwezi wa nane, zabibu zimeiva kila upande, na lori la Kefa lilikuwa limekalishwa juu ya magogo uani, giaboksi yake imelazwa pembeni kwenye gunia. Fundi Fredy alikuwa akilizunguka tangu Ijumaa. Ukimwuliza alisema, "Kesho asubuhi linatembea, dada." Alisema hivyo Ijumaa, akasema hivyo Jumamosi, na Jumatatu hiyo alikuwa ameshaanza kusema kabla hujamwuliza. Devota alimdharau kwa hilo. Mtu mzima na ndevu zake, anadanganya kwa Kiswahili safi, macho makavu, wala hana habari.

Alasiri simu zote mbili ziliita kwa pamoja. Moja ilikuwa ya mama wa Nairobi. Nyingine ilikuwa ya Mzee Nikodemo, mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wa zabibu kijijini kwao. Devota alimwamkia, akapokea marahaba yake na habari za kijiji kizima, huku simu ya pili ikitetemeka juu ya meza. Mzee alisema zabibu zimefika kiwango. Mpimaji amepita na kipimo chake cha sukari na ameridhika, ndege nao wameridhika kuliko yeye, wanazila tangu asubuhi. Sasa kikundi kinauliza, lori limeshatoka?

Devota alichungulia dirishani. Miguu ya Fredy ilikuwa imechomoza chini ya lori, imetulia tuli, huenda mwenyewe alikuwa amelala.

"Gari liko on the way, mzee," akasema.

"On the way," Mzee Nikodemo alirudia taratibu, kama mtu aliyekabidhiwa yai. "Asante sana, mwanangu. Nitawafikishia hivyohivyo ulivyosema."

Akakata. Devota akamgeukia mama wa Nairobi na kumwambia bosi ametoka kikaoni, na kwa bahati mbaya ameingia kingine.

Kulikuwa na jambo ambalo Devota hakulijua. Miaka yote, wakulima wa kwao walikuwa hawagusi mkasi mpaka walione lori kwa macho yao. Zabibu ikiwa mtini inaweza kukuvumilia siku mbili tatu, lakini ikishakatwa haimsubiri mtu. Jua la Dodoma likiikuta kwenye kreti mchana, jioni imeanza kuchachuka. Kwa hiyo lori lilifika jioni, dereva akalala kijijini, watu wakachuma alfajiri. Msimu huu Kefa alikwenda mwenyewe kuwaambia kwamba lori lake si mgeni wa kulala. Wakisikia tu limeondoka mjini, wachume, likifika lipakie na kugeuza. Mkutano huo Devota hakuwapo, na Kefa hakuona sababu ya kumsimulia.

Na kulikuwa na jambo la pili, ambalo hata Kefa hakulijua. Mkulima wa kule ukimwambia "kesho" anarudi zake kulala. Kesho ya wanunuzi wa zabibu ameila miaka mingi, anaijua ladha yake. "Tunalishughulikia" anaijua. "Niko njiani" anaijua vizuri zaidi, maana hata yeye huisema akiwa bado anatafuta kiatu. Kiingereza tu ndicho kilichokuwa hakijamdanganya. Kiingereza ndicho kilichoandikwa kwenye pakiti za dawa na kwenye vyeti vya watoto. Mtu wa ofisini akiacha Kiswahili katikati na kulitaja jambo kwa Kiingereza, basi jambo hilo lipo.

Jumanne mchana, Devota akiwa anafungua kontena lake la wali, simu yake mwenyewe ililia. Alikuwa mama yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko? Basi sisi tumemaliza. Tulianza nyota zingali juu, sasa shamba zima limebaki majani matupu. Kreti zote tumezipanga barabarani, kwenye ukuta wa ghala. Lori halijafika bado, nadhani limepitia vijiji vingine kwanza. Nilitaka kukuuliza, huyo dereva ni mtu wa wapi? Wenzangu wanasonga ugali wa uwele na mlenda. Nikasema tusije tukamshindisha njaa mtoto wa watu, kama kwao hawali mlenda."

Devota aliweka kijiko chini. Aliuliza wamechuma kwa amri ya nani.

"Kwa amri yako," mama yake alisema, na sauti yake ilikuwa imejaa furaha. Akaeleza jinsi Mzee Nikodemo alivyopita nyumba kwa nyumba jana jioni na lile neno, na jinsi watu walivyosita, maana wamekwisha kuumwa na nyoka wakiona ung'ongo hushtuka. Baadhi walitaka wasubiri waone vumbi la lori kwanza. "Nikasimama mimi. Nikawaambia huyo aliyesema ni Devota wangu, nimemlea mwenyewe, uongo haujui. Hapo ndipo wakaenda kuchukua mikasi."

"Mama, ngoja nitakupigia," Devota akasema. Hilo halikuwa uongo. Alikuwa na nia kabisa ya kumpigia, akishapata la kumwambia.

Kefa alikuwa uani, kwenye kiti cha plastiki, akimsimamia Fredy ambaye hakuwa akifanya lolote la kusimamiwa. Devota alimweleza. Alimweleza mara ya kwanza kwa adabu, na mara ya pili kwa sauti iliyowafanya wachomeleaji wa jirani wazime mashine yao. Kefa alisikiliza huku akijikuna kidevu.

"Niliwaambia wachume wakipigiwa simu," akasema. "Nani aliwapigia? Wamepiga wenyewe."

"Bosi, zimeshakatwa."

"Zabibu haziishi, Devota. Hombolo zipo, Mpunguzi zipo. Lori likipona tutakwenda popote." Akatazama saa yake, ingawa hakuwa na miadi yoyote. "Wewe wapigie uwaambie liko on the way. Wakae kivulini, watapoa."

Hasira ilimpanda Devota. Angekuwa na kitu mkononi angekitupa. Kilichomwuma ni kwamba Kefa hakuwa amesema neno jipya. Yalikuwa maneno yake yeye, kwa upole wake yeye, na alipoyasikia yakitoka kwenye mdomo wa mwingine aliyaona yalivyo. Akamgeukia Fredy na kumwuliza, kwa mara ya mwisho na kwa jina la Mungu, lori hili litatembea lini.

"Kesho asubuhi, dada," Fredy akasema.

Devota akachukua mkoba wake akatoka. Kefa aliuliza nani atapokea simu, yeye akavuka barabara.

Ng'ambo ya barabara alikuwapo Masudi, mwenye kanta, lori dogo la kubebea saruji, mtu wa Kondoa asiye na maneno mengi. Gari lake lilikuwa tayari limepakiwa na turubai limefungwa, naye ameshika mlango akipanda. Alimsikiliza Devota mpaka mwisho. Alisema mzigo ule ni wa msikiti, na mafundi wanausubiri leo. Kisha akamwuliza alijua lini kwamba lori la Kefa ni bovu.

"Ijumaa," Devota akasema.

"Ungeniambia jana, dada yangu. Jana nilishinda hapa nimelala." Akawasha gari. Hakusema kwa kumsuta, ndiyo maana iliuma.

Kuanzia hapo mchana ulimgeukia. Alikwenda kwenye maegesho ya malori, akakuta madereva wanacheza bao. Mmoja hana mafuta, mwingine hana leseni, wa tatu alimsikiliza vizuri sana kisha akamwomba namba yake ya simu kwa mambo mengine. Alimpata mmoja kwa simu, mwenye sauti ya kuaminika, aliyesema, "Niko njiani, dada, nisubiri hapo hapo kwenye mzunguko." Nyuma ya sauti yake Devota alisikia mashine ya kunyolea nywele ikinguruma na mtu akiambiwa ainamishe shingo. Alijua. Aliujua uongo ule kama anavyoijua njia ya kwenda kwake, na bado alisimama pale juani akisubiri, kwa sababu hakuwa na kingine cha kusubiri. Alipompigia tena, jamaa alisema anakata kona sasa hivi. Alipompigia mara ya tatu simu ilikuwa imezimwa.

Simu yake yeye haikuzimwa. Mama alipiga, akapiga tena. Devota aliiangalia ikilia kwenye kiganja chake, jina la mama limewaka, mpaka ikakatika. Kupokea kulimaanisha kusema, na kwa mama yake hakuwa na Kiingereza.

Jua lilipoanza kulegea aliita bodaboda akamwambia kijana amfikishe kwao. Kijana alitaja nauli ya safari ndefu, Devota akapanda bila kubishana. Walipita mashamba yaliyovunwa zamani, mabua ya mtama yamelala, migunga imekauka, vumbi jekundu linawafuata. Kila lori lililopishana nao aligeuka kulitazama. Yote yalikuwa yanakwenda mjini.

Aliwaona kabla hawajamwona. Kreti zilikuwa zimepangwa ukuta mzima wa ghala la kijiji, ndefu kuliko alivyofikiria, na juu yake wanawake walikuwa wametandika khanga zao na vitenge vyao ili jua lisizichome zabibu. Wenyewe walikuwa wamekaa juani, mabega wazi, wengine na magauni ya ndani tu na sweta. Msichana mmoja alikuwa akinyunyizia vitambaa maji kwa kata, maji ya kisima ambayo watu huyafuata mbali. Chini ya kreti ardhi ilikuwa imelowa utomvu mweusi, nyuki wametanda, na ile harufu aliyoiacha Kizota, ya sakafu isiyotakata, ilikuwa imemtangulia kufika.

Bodaboda iliposimama wote waliinuka. Hawakumtazama yeye. Walitazama nyuma yake, barabarani.

"Mbukwenyi," Devota aliwaamkia kwa Kigogo. Wakaitikia kwa uchangamfu, mmoja akampokea mkoba. Mzee Nikodemo alivaa kofia yake vizuri na kuuliza kama gari liko nyuma yake au limepitia kijiji kingine kwanza. Kabla hajajibu, mama yake alimshika mkono. Akasema mtoto katoka mbali, ana vumbi mpaka kwenye kope, aachwe kwanza anywe maji. Akamvuta nyuma ya ghala, na watu wakacheka kwa wema, wakakaa tena.

Nyuma ya ghala Anyesi alimpa kata ya maji akamngoja anywe. Alikuwa mwembamba, mrefu, vidole vyake vimekuwa vyeusi kwa maji ya zabibu na viganja vimejaa mikwaruzo ya mikasi. Devota alimweleza. Hakupamba. Alisema lori ni bovu tangu wiki iliyopita, Kefa haji, yeye mchana kutwa ametafuta gari jingine hakupata, na lile neno alilompa Mzee Nikodemo ni neno analompa kila mtu kila siku.

Mama yake akachukua ile kata akaikung'uta, ingawa haikuwa na kitu. Aliangalia mashamba, mizabibu iliyobaki majani.

"Waambie kile Kiingereza chako," akasema.

"Mama."

"Giza linaingia. Watalala. Kesho wakiamka wataona wenyewe, kila mtu na zake, bila kuambiwa na mtu." Sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani asiyeelewana naye. "Mimi ndiye niliyewasimamisha, Devota. Wale waliosita, mimi ndiye niliyewaambia wakachukue mikasi. Na Jumapili nitakaa nao benchi moja. Waambie tu. Wakikisikia kwako watatulia."

"Siwezi."

"Jana uliweza." Haikuwa hasira. Anyesi alifuta macho yake kwa mkono, weusi wa zabibu ukampaka shavuni. "Mimi sikijui. Ningekijua ningewaambia mwenyewe."

Devota alikuwa amejiandaa kwa matusi. Alikuwa amejiandaa hata kupigwa kibao, ukubwani, mbele ya watu, na njiani kote kwenye ile bodaboda alikuwa anakitamani. Hili hakuwa amejiandaa nalo. Mwanamke aliyetembea mpaka kwa jirani kwa ajili ya mbuzi wa jana alikuwa amesimama mbele yake anaazima uongo, na alikuwa anauazima kwake kwa sababu ndiye aliyekuwa nao. Akamwacha pale na kata yake, akarudi mbele.

Watu waliinuka tena. Aliwaambia kwa Kigogo. Hakuwa na maneno mengi, na hayo machache aliyokuwa nayo yalimtoka yakiwa makavu: gari halipo. Halikuwapo jana alipoulizwa. Limekaa juu ya magogo, halina giaboksi, na bosi wake hana mpango wa kuja. Yeye alisema tu. Na mama yake hakujua.

Mtoto mmoja akauliza ni nini, akanyamazishwa.

"Lakini ulisema kwa Kiingereza," Mzee Nikodemo akasema. Hakuwa anamlaumu, alikuwa kama mtu anayerudi nyuma njiani kutafuta pale alipodondosha kitu. "Mimi nilisikia mwenyewe. Nikawafikishia hivyohivyo."

"Ndiyo, mzee. Nilisema."

Hakuna aliyepaza sauti. Laiti wangepaza. Mwanamke mmoja alikwenda kwenye kreti zake, akaivuta khanga yake, akaikung'uta nyuki, akajifunga kiunoni ikiwa bado mbichi. Akaomba atwishwe. Jirani yake akamtwisha, akaondoka na maji ya zabibu yakimtiririka shingoni. Mwingine alisema zake atawapa nguruwe, kabla hazijawa pombe ya bure. Mmoja mmoja vitambaa vilitoka, na kila kimoja kilipotoka zabibu zilionekana zilivyokuwa, za chini zimebondeka, za juu zimesinyaa. Mwanamke wa mwisho, rafiki wa Anyesi wa tangu usichana, alipita mbele yake akasimama.

"Basi tutaonana Jumapili, mama Devota," akasema.

"Tutaonana," Anyesi akajibu.

Mzee Nikodemo alibaki kidogo, kisha akaenda. Ugali wa dereva ulibaki pale ukutani umefunikwa kwa sinia, na hakuna aliyekumbuka kuuchukua.

Simu ya Devota ililia mkobani. Aliitoa. Alikuwa Kefa. Aliiacha ikalia mpaka mwisho, na mama yake akaisikiliza pamoja naye bila kuuliza ni nani.

Kisha Anyesi akakaa chini kando ya kreti zake, miguu ameinyosha. Akakunja upande mmoja wa kitenge, akachagua kwa vidole vyake vyeusi, akaacha kichala kimoja, akaacha cha pili, akatoa cha tatu kilichoonekana kizima. Akapuliza nyuki aliyekuwa juu yake. Akakifuta kwa upande safi wa gauni lake, kama alivyofanya kila msimu tangu Devota akiwa hajui kutembea.

"Kula," akasema. "Hujala tangu asubuhi."

Devota akakaa karibu naye, akachuma moja akaitia mdomoni. Ilikuwa ya moto, jua lote la siku ile lilikuwa ndani yake. Ilianza na utamu, halafu nyuma ya utamu ukaja ule uchachu wa Kizota, ukabaki ulimini.

"Tamu?" mama yake akauliza.

Alikuwa amemgeukia kabisa, na doa lake jeusi shavuni, akimwangalia mdomo. Devota alitafuna. Mbegu zilimlia menoni, naye akaendelea kutafuna.